Fundi kwa leba, tenda, mkandarasi mmoja au meza moja: ipi itakupa jengo la kijani Mombasa?

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza habari za sola. Ana kiwanja Bamburi au Utange, mkopo umekubaliwa, anataka ghorofa nne za kupangisha, na swali lake la kwanza ni aweke paneli ngapi juu ya paa. Mimi humuuliza kazi yenyewe ataiendeshaje. Hapo hunitazama kana kwamba nimemgeuzia maneno.

Sijamgeuzia. Nimesimamia mijengo hapa Pwani muda wa kutosha kuona majengo mawili ya barabara moja, ramani zake zinakaribiana, na mwisho wake ukawa mbali mno. Kwenye la kwanza wapangaji wanalala madirisha wazi. Kwenye la pili kila chumba kimetundikiwa kiyoyozi, na maji yake yanachuruzika ukutani mpaka rangi imeota ukungu. Kilichotofautiana ni mwendo wa kazi: nani aliitwa mapema na nani aliitwa mambo yameshaharibika, nani alilipwa kwa lipi, nani alikuwepo siku slabu inamwagwa.

Njia za kuendesha mjengo tunazotumia hapa ni nne, na swali ni ipi itakupa jengo la kijani, yaani linalotumia umeme, maji na saruji kidogo. Nitazipima zote kwa jengo moja la mfano: ghorofa nne, nyumba 16, kiwanja cha robo ekari upande wa bara ya kaskazini.

Jengo la kijani la hapa linataka nini

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua linakaa utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na siku nyingine haliendi mbali. Kwa hivyo kinachopigwa zaidi ni paa, kisha kuta za mashariki na magharibi. Dirisha linaloelekea kaskazini ni rahisi kulilinda: upenu wa sentimita 60 juu ya dirisha la mita 1.2 unalitia kivulini karibu lote saa sita mchana, hata mwezi wa Juni. Lizungushe dirisha hilohilo litazame magharibi, na saa kumi jioni upenu uleule haulindi hata nusu yake. Hapo utahitaji matofali ya matundu, mti, au pazia zito na kiyoyozi.

Upepo nao una ratiba yake. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Septemba. Kaskazi inashika kuanzia Desemba hadi Machi, wakati ambao joto ndilo linaloua. Jengo lisilo na mahali pa upepo kuingilia na pa kutokea litanunua upepo kwa umeme.

Wazee waliojenga Mji wa Kale waliyajua haya bila kompyuta. Kuta nene za matumbawe na chokaa, dari ndefu, boriti za mikoko, vichochoro vyembamba ambavyo nyumba moja inaipa nyingine kivuli. Sisi tunayasahau, nadhani, kwa sababu ramani zetu huchorwa ofisini mwenye kiyoyozi.

Kuna maji, ambayo kila mtu hapa anajua yanavyokatika. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na kisima ukichimba karibu na bahari huenda ukapata chumvi. Choo cha zamani kinamwaga lita 9 kila unapovuta. Cha vitufe viwili kinamwaga 6 au 3. Hiyo ni rahisi, unanunua dukani. Kuyachukua maji ya kuogea yakasafishe vyoo ni habari nyingine, maana kunahitaji mabomba mawili ya maji machafu yaliyotengana, na hayo lazima yajulikane kabla ya zege.

Na kuna saruji yenyewe. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo hewa chafu ya jengo lako nyingi iko kwenye zege na chuma, wala si kwenye taa. Saruji duniani inatoa karibu asilimia 7 au 8 ya kaboni yote ambayo binadamu wanaitoa, kwa sababu chokaa inachomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi mpaka iwe klinka. Saruji iliyochanganywa na pozolana, yaani mawe au majivu ya volkano yaliyosagwa, ina klinka kidogo, ni afadhali, lakini inashika nguvu polepole. Mbao na nguzo za slabu haziwezi kuondolewa siku zilezile ulizozoea. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Fundi kwa leba

Hii ndiyo njia ya Mombasa nzima, hasa ya ndugu zetu walioko Ughaibuni. Mwenye nyumba ananunua saruji, mawe, chuma na mbao; fundi anapewa pesa ya leba kwa hatua. Uamuzi unachukua dakika tano chini ya mwembe. Ukitaka dirisha lisogezwe, linasogezwa.

Kwa nyumba ya chini siibezi. Fundi wa hapa anajua jua linachwea wapi, na ukimwachia nafasi atakufanyia upenu mzuri na dari yenye hewa. Upotevu nao ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kila mfuko wa saruji umetoka mfukoni mwako na unauhesabu.

Kwa ghorofa nne, sikushauri. Hakuna anayeshika hesabu ya jumla. Fundi wa mawe hajui fundi wa umeme anakuja lini, na fundi wa bomba anapigiwa simu ukuta umeshapigwa plasta, kwa hivyo anautoboa. Hakuna karatasi: risiti ziko kwenye simu tatu tofauti, picha za chuma kabla ya zege hazikupigwa. Ukitaka cheti chochote cha kijani baadaye, mkaguzi atakuuliza ushahidi na utabaki kumwonyesha ukuta. Tena sheria haikuachii: jengo la aina hiyo linahitaji ramani zilizopitishwa na kaunti, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi kwenye daraja linalofaa, kati ya NCA 1 na NCA 8.

Tenda ya kawaida

Msanifu anachora, mhandisi anapiga hesabu, mkadiriaji gharama anatoa BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote kwa vipimo, wakandarasi wanashindana bei, wa chini anachukua. Benki inaielewa njia hii, mawakili wanaielewa, na mkataba wa kawaida wa ujenzi hapa Kenya, ule wa JBC wa 1999, umeandikwa kwa ajili yake. Bei unaijua kabla ya kuanza, walau unadhani unaijua.

Kasoro yake kwa jengo la kijani ni kwamba kila mtu anaingia mwenzake ameshatoka. Msanifu anamaliza, ndipo mhandisi wa umeme na maji anaitwa aweke mabomba ndani ya umbo lililokwisha kupitishwa na kaunti. Ukibadilisha umbo, unarudi kaunti. Hakuna anayetaka kurudi kaunti. Basi dirisha la magharibi linabaki magharibi, na mhandisi anaongeza ukubwa wa kiyoyozi. Pia ada za wataalamu mara nyingi huhesabiwa kwa asilimia ya gharama ya jengo, kwa hivyo yule anayekupunguzia mitambo anajipunguzia posho. Sisemi ni wezi. Nasema mpangilio wenyewe hauwasukumi upande wako.

Nieleze kisa kimoja kilichonikuta kwenye mjengo ambao sitautaja. Katikati ya kazi, mwenye nyumba alikubali maji ya kuogea yatumike vyooni. Msanifu akarekebisha ramani, akaongeza bomba la pili kwa kila nyumba. Ramani ikatoka ofisini kwake Jumatano. Kwa mkandarasi ilifika Ijumaa jioni, ndani ya barua pepe moja na viambatisho vingine saba. Fundi bomba hakuiona kabisa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mixa ikaanza kunguruma, vibarua wakapanga mstari na karai, na kufikia adhuhuri slabu ilikuwa imelainishwa.

Jumatatu fundi bomba alipanda juu na ramani mpya mkononi, ndiyo kwanza anaipata, akaanza kuhesabu matundu ya mabomba. Akayahesabu tena. Ghorofa ile ilikuwa na matundu manne, na ramani ilitaka manane. Tulileta mashine ya kutoboa zege. Mhandisi akaja, akagonga kwa kidole mahali pawili na kusema pale hapaguswi, mhimili uko karibu mno. Matokeo yake ni kwamba vyoo vya upande mmoja wa jengo vinasafishwa kwa maji ya kuogea, na vya upande wa pili vinakunywa maji ya mfereji mpaka leo. Tangi lilikuwa limeshanunuliwa kwa ukubwa wa nyumba zote. Mkandarasi alidai kazi ya ziada, na haki alikuwa nayo, maana mabadiliko yaliletwa na upande wa mwenye nyumba.

Hapo hapakuwa na fundi mbaya. Ramani ilikuwa sahihi, zege lilikuwa zuri. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza, siku ya Ijumaa: matundu yote yapo?

Saruji ya pozolana nayo huangukia papohapo. Mkandarasi ameahidi miezi kumi na miwili na ameshindana kwa bei, ratiba yake imehesabu mbao zitoke mapema zipande ghorofa ya juu. Ukimwambia asubiri siku zaidi, atakuletea barua ya kuongezewa muda. Au atabadilisha saruji kimya kimya. Ya pili nimeiona zaidi.

Mkandarasi mmoja, asanifu na kujenga

Unaandika unachotaka, kampuni moja inachora na kujenga. Faida yake kubwa ni kwamba ramani na karai ziko chini ya paa moja. Kisa cha matundu kingekuwa shida yao wenyewe, nao wangekigundua, kwa sababu kingetoka mfukoni mwao. Saruji inayokawia wanaiweka kwenye ratiba tangu mwanzo.

Lakini njia hii inakulipa kwa kadiri ulivyoandika. Ukiandika "jengo liwe rafiki kwa mazingira", utapewa paneli nne na rangi ya kijani getini. Andika kwa tarakimu: kila bafu lisizidi lita 8 kwa dakika, vyoo viwe vya 6 na 3, vyumba vya kulala vyote viwe na madirisha ya pande mbili, dari ya juu isigusane na mabati bila nafasi ya hewa, mfumo wa maji upimwe mbele yangu kabla sijalipa sehemu ya mwisho. Na umuajiri mtu wako wa pembeni wa kukagua, asiyelipwa na wao. Mwenye nyumba asiyejua kuandika hayo, na asiyetaka kumlipa anayejua, asiende huku.

Meza moja

Marekani waliipa jina na mikataba yake; chama cha wasanifu cha huko kilitoa mwongozo wake mwaka 2007. Kwa maneno yetu: mwenye nyumba, msanifu, wahandisi, mkadiriaji, mkandarasi na mafundi wakuu wanaketi pamoja kabla mstari wa kwanza haujawa mzito, wanakubaliana shabaha, na mkataba unawafanya wafaidike pamoja au waumie pamoja. Kubadilisha jambo wakati huo ni kazi ya raba na penseli.

Nimeiona ikifanya kazi mara moja kwa ukaribu, ingawa haikuwa meza, ilikuwa kiwanja kitupu. Msanifu alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari. Fundi mkuu, mzee wa makamo ya baba yangu, hakuitazama karatasi. Alichana kipande cha leso kuukuu, akakifunga kwenye mti wa mwarobaini uliokuwa katikati ya kiwanja, akarudi akaketi kwenye jiwe. Ilikuwa mwezi wa Julai. Leso ikanyooka ikielekea kule kwenye ukuta wa jirani.

"Ukuta huu mrefu wauweka wapi, mwanangu?" akamuuliza msanifu.

"Hapa, mzee. Ndio ngazi na stoo."

"Basi upepo waufungia mlango."

Msanifu alinyamaza kidogo, kisha akageuza karatasi robo mzunguko. Ngazi na stoo zikahamia magharibi, zikawa ndizo zinazolipokea jua la jioni, na vyumba vya kulala vikaangalia upepo. Mhandisi wa umeme alikuwepo, akafuta sehemu kubwa ya viyoyozi alivyokuwa amevipangia. Yote hayo yalichukua chini ya saa moja. Kwa njia ya tenda mzee yule angekutana na ukuta ule miezi minane baadaye, kazi yake ikiwa kuujenga tu.

Ubaya wake nao ni wa kweli. Unalipa watu wengi mapema, kabla jiwe halijaonekana, na mwenye nyumba wa Mombasa anapenda pesa yake aione imesimama. Mikataba yetu ya kawaida haikuandikwa kwa mtindo huu, kwa hivyo wakili atakutoza kuandika wake. Na kama watu wako hawaaminiani, vikao vitakuwa maneno matupu na chai.

Kuna nusu yake inayowezekana hapa, ndiyo ninayoipenda: kumchukua mkandarasi kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza unamlipa ada ndogo atoe ushauri wakati ramani zinachorwa. Mkikubaliana bei, anaendelea na kujenga kwa mkataba wa kawaida. Msipokubaliana, unamlipa ushauri wake na kupeleka ramani kwa wengine.

Ndani ya njia hii kuna chombo kingine kisicho ghali, mpango wa wiki. Mtafiti wa ujenzi Glenn Ballard na wenzake walipofuatilia mijengo ya Marekani miaka ya 1990 waligundua kwamba ahadi za kazi za wiki zinazotimia ni kidogo tu kupita nusu. Dawa waliyoipendekeza ni kwamba anayeahidi awe yule atakayeifanya kazi, na asiahidi kabla vifaa, ramani na watu havijawa tayari. Ubao, chaki, Jumatatu asubuhi, kila fundi mkuu anaandika chake. Jumatatu ijayo kila kisichotimia kinaandikiwa sababu. Unaweza kuutumia hata na fundi kwa leba.

Yaliyobaki, kwa haraka

| | Kwa leba | Tenda | Mkandarasi mmoja | Meza moja / awamu mbili |
|---|---|---|---|---|
| Bei ikipanda, nani anaumia | Wewe | Wewe, ukibadilisha chochote | Wao, ila ukibadilisha shabaha | Mnagawana, mkataba ukisema |
| Ushahidi wa mkaguzi | Haupo | Upo, umetawanyika | Upo, wanaushika wao | Upo |
| Muda kabla ya msingi | Mfupi sana | Mrefu | Wa kati | Mrefu |
| Makabidhiano ya mitambo | Funguo tu | Orodha ya kasoro | Inategemea ulivyoandika | Mitambo inapimwa, mlinzi anafundishwa |

Huo mstari wa mwisho, wa makabidhiano, msiupite. Najua jengo ambalo maji ya kuogea yalipitishwa pembeni ya kichujio chake kwa valvu moja, mwezi wa tatu tu tangu makabidhiano, kwa sababu kichujio kilianza kunuka na aliyekuwa akikitunza hakuwahi kuonyeshwa kinavyosafishwa. Kifaa ni kizima. Hakifanyi kazi yoyote.

Cheti je?

Ukitaka cheti, kichukulie kama fimbo ya kuongozea kazi. EDGE, ya IFC iliyo chini ya Benki ya Dunia, inataka upunguze walau asilimia 20 kwenye umeme, maji, na nishati au kaboni iliyotumika kutengenezea vifaa vya ujenzi. Programu yake inatumika bure mtandaoni, kwa hivyo unaweza kujaribu dirisha la magharibi na la kaskazini jioni moja ukiwa nyumbani. Cheti cha awali kinatoka kwenye ramani, cha mwisho baada ya mkaguzi kuliona jengo. Kwa nyumba 16 za kupangisha, inatosha.

LEED ya Marekani ni nzito zaidi: pointi 40 kupata cheti, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Inakulazimisha kupima mifumo kabla ya kukabidhiwa, jambo ambalo nalipenda, lakini karatasi zake ni nyingi. Hoteli au ofisi yenye wapangaji wa kimataifa ndiyo itakayoona faida. Green Star, yenye asili ya Australia na iliyopitia Afrika Kusini kabla ya kufika kwetu, iko katikati.

Mimi ningechagua nini

Nyumba ya chini ya familia: fundi kwa leba, umlipe msanifu siku moja aje kiwanjani na dira, na mpige picha kila chuma kabla hakijafunikwa.

Nyumba 16, mwenye nyumba anaishi hapahapa na ana subira: awamu mbili, EDGE, na kikao cha kwanza kifanyike kiwanjani upepo ukivuma, si ofisini.

Mwenye nyumba yuko Uingereza na hawezi kuja: mkandarasi mmoja, shabaha zimeandikwa kwa tarakimu, na mkaguzi wake mwenyewe. Kwenye simu kila kitu huonekana kizuri.

Benki ikikulazimisha tenda, kubali, lakini ongeza vipengele vitatu kwenye mkataba kabla hujatia sahihi. Mhandisi wa maji na umeme aitwe kabla ramani haijakwenda kaunti. Mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mwenye shabaha za kijani, na alipwe kwa hilo. Na zege lolote lisimwagwe kabla fundi bomba, fundi umeme na foremani hawajatembea juu ya chuma na ramani ya mwisho, wakahesabu matundu kwa sauti, wakatia sahihi. Kikao hicho huchukua dakika 40. Kifanywe Alhamisi, ili Ijumaa ibaki ya kurekebisha.